Kikombe Nilichokitenga

Mama Kajuju,

Mvua imeshuka huko Githongo? Hapa Mbeere jua linatuchoma, lakini kazi ya pamba ipo. Juzi niling'oa mimea migonjwa nikaichoma, kama tunavyofanya na mahindi nyumbani. Mtafiti wetu, Caroline, anayechunguza ugonjwa huo, akanigombeza: "Mzee Gitobu, umechoma kazi yangu!" Kisha akapasua mmea wenye afya, akaniambia nichungulie kwa hadubini. Vijidudu vilijaa humo. "Hata wewe unavyo, na u mzima," akacheka.

Mimi sikucheka; nilikukumbuka wewe. Ulimaliza dawa za kifua kikuu mwaka jana, daktari akasema umepona, na bado nikaamuru kikombe chako kikae peke yake. Nisamehe. Kirudishe na vingine. Nikija Desemba, nitilie uji katika hicho.

Baba Kajuju