Goti Langu Mbele ya Bunge Lililofungwa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hapa ni juu ya zulia na hakuna anayeniona. Migomba ile iliyoangushwa na upepo imechipua? Mgongo wa Tata umepoa? Ulisema simu inameza maneno, nikuandikie barua unayoweza kuirudia jioni ukimenya ndizi. Sisi huku ng'ambo kwa Shangazi ni wazima na tunakula vizuri. Ila serikali yetu ilifungwa.

Usishtuke, hakuna vita. Huku kila jimbo lina bunge lake na serikali yake, na kila mwaka wabunge wanapaswa kukubaliana juu ya bajeti. Safari hii walibishana mpaka muda ukawaishia. Sheria yao inasema bajeti isipopita, ofisi za jimbo zinafunga milango na wafanyakazi wanarudi nyumbani. Basi wakafunga, Mama, kama duka la Miembeni ambalo mwenyewe ameenda msibani.

Asubuhi nilitoka kutazama kama barabara bado ipo. Ilikuwepo. Taa nyekundu ilipowaka, magari yote yalisimama kwa adabu, hakuna askari, hakuna serikali. Nikaduwaa pale njiapanda nikijiuliza ni nani anayewashika watu hawa.

Walifunga makumbusho, wakafunga ofisi ya leseni, wakafunga hata ziwa. Ndiyo, ziwa! Lipo ziwa dogo ambalo ni mali ya jimbo, na getini walitundika kibao kwamba limefungwa. Nilichungulia kwenye waya nikaona mawimbi yanaendelea na kazi kama kawaida, nadhani hayakupata taarifa. Mweleze Baba mdogo, nduguye Tata, kule kisiwani Bumbire, najua atacheka mpaka aweke nyavu chini.

Shangazi ni mpishi katika kantini ya ofisi za jimbo, kwa hiyo naye alirudishwa nyumbani. Alisugua sufuria zote mpaka nikaanza kuona meno yangu ndani yake. "Hawa wabunge wangekuwa kwetu," alisema, "mama zao wangeshawaita nyumbani zamani." Mzee jirani, ambaye huja kunywa kahawa yake kila siku, alimjibu, "Mimi na marehemu mke wangu tulinuniana mara nyingi tu, lakini chakula kilipikwa."

Mimi nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa na jambo langu. Kila mwaka shule moja huchagua mwanafunzi wa kusoma insha ndani ya ukumbi wa bunge, mbele ya wabunge wote. Mwaka huu zamu ilikuwa ya shule yetu, na nilichaguliwa mimi. Insha yangu inaeleza kile kikao cha kijijini kwetu juu ya njia ya kwenda chemchemini, jinsi watu walivyogombana na hakuna aliyeondoka mpaka njia ikapatikana. Nilifanya mazoezi bafuni hadi Shangazi akaijua kwa kichwa. Ukumbi nao ulifungwa kwa wageni, wabunge wakabaki humo kubishana; usipofunguliwa kabla ya muhula kuisha, nafasi ingepotea, kwa kuwa mwakani ni zamu ya shule nyingine.

Mwalimu wetu alituhurumia, akatupeleka walau tulione jengo kwa nje. Mama, lile jengo! Kanisa la usharika wetu lingeingia lote ndani, na mnara wake, na kwaya ikabaki na nafasi ya kutembea. Nilisimama chini ya ngazi, shingo nimeikunja nyuma, nimesahau hata kufumba mdomo.

Ndipo wakatoka wabunge wawili. Wa mbele alikuwa mama mzee mwenye nywele nyeupe na fimbo, na nyuma yake mwanamume wa chama kingine. Walikuwa wanabishana hata pale kwenye ngazi.

"Kemilembe, njoo uwasalimie," mwalimu akaniita.

Tangu siku ya kwanza Shangazi alinionya, "Huku hawapigi magoti, utawatisha watu." Nawe uliponisindikiza uliniambia nisirudi mtoto asiyejua kusalimia. Kwa hiyo nimekuwa nikiinama kidogo tu, kama mtu aliyeangusha sindano. Lakini siku ile niliona nywele nyeupe na fimbo, nikamwona Bibi. Kabla sijafikiri, magoti yalikuwa chini.

Wote wawili wakasahau ubishi wao.

"Mungu wangu," yule mwanamume akasema, "mtoto anatuomba!"

"Simama, mwanangu, simama!" mama mzee akanishika mkono. "Tutafungua!"

"Siombi, waitu, nawasalimu," nilisema, hata lile neno letu la heshima likanitoka, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo. Rafiki yangu akadhani ndivyo tulivyopanga, naye akapiga magoti. Darasa zima likafuata. Hata mwalimu alishuka taratibu, na goti lake ni bovu. Mtu mmoja mwenye kamera hakukosa kitu.

Kesho yake tulikuwa gazetini: watoto wanaiombea serikali ifunguliwe. Shangazi aliliweka gazeti mezani. "Kemilembe! Nilikwambia nini?" Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

Wiki ile ile serikali ikafunguliwa. Mwalimu anasema walikuwa tayari karibu kukubaliana, nami namwamini. Mzee jirani hataki kusikia. "Nimepiga kura maisha yangu yote," anasema, "kumbe yalitakiwa magoti!"

Siku ya kusoma insha, Shangazi alininyooshea gauni. Mlangoni pa ukumbi akakohoa. "Yule bibi mwenye fimbo akija, msalimie vizuri."

Alitujia ndani ya ukumbi, na wenye kamera wakajiweka tayari. Nikapaza sauti, "Leo siombi kitu. Kwetu ndivyo tunavyomsalimu mtu mzima." Nikapiga magoti. Nikasikia goti jingine likilia kando yangu. Lilikuwa la Shangazi, aliyekuwa hajapiga magoti tangu afike nchi hii.

"Nami nijibu nini?" mama mzee akauliza.

"Tuulize habari za nyumbani," Shangazi akamwambia.

Akauliza, na ukumbi wote ukatulia kusikiliza. Kisha nilisoma insha yangu mpaka mwisho.

Nisalimie Tata na mgongo wake, Bibi na fimbo yake, dada yangu Koku katika chumba chake cha Kashai, na mwalimu wangu wa Kiswahili, umwambie nukta zote niliziheshimu.

Mama, mbele ya bunge zima nilijibu kwamba nyumbani hamjambo wote. Niandikie upesi, nijue kama nilisema kweli.

Mwanao akupendaye,
Kemilembe