Gari Linavuta Kushoto

Jumamosi, 4 Aprili

Likizo imeanza. Wanafunzi wangu wa hisabati wamekwenda makwao, nami nilipanga kulala mpaka nichoke kulala. Badala yake nimeamshwa na nyundo chini ya dirisha. Mdogo wangu yumo gereji, ameshaanza kulifumua gari la Baba.

Mdogo wangu huyu anauza magodoro. Tunamwita Injinia tangu utotoni, kwa sababu alifungua redio ya nyumbani na haikuimba tena. Jina lilikuwa kejeli. Yeye kalipokea kama cheti.

Hoja yake ni hii. Tangu Baba apate kiharusi, mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Gari lenyewe ni la mbio, la zamani, viti viwili, pua ndefu, na usukani mzito kama jiwe la kusagia. Mwezi uliopita Baba alijaribu kutoka nalo, akaparamia nguzo ya geti upande wa kushoto, taa ikabaki inaning'inia. Basi kosa ni la usukani! Tung'oe lile boksi la stelingi la kale, tuweke reki. Yaani kile chuma kirefu chenye meno, na gia ndogo inayokisukuma huku na huku, kama magari ya siku hizi. Usukani utakuwa laini. Baba atageuza kwa mkono mmoja. Atarudi barabarani.

Nimemuuliza kajifunza wapi. Kwenye simu, kasema.

Tumekwisha.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimempelekea Baba chai chumbani. Mapazia yamefungwa, saa nne asubuhi. Hajanyoa ndevu tangu ile siku ya nguzo.

Baba alikuwa mwalimu wa udereva maisha yake yote. Nusu ya mji huu ilijifunzia klachi mikononi mwake. Hakuwahi kukwaruza hata ndoo. Leo kaniambia kwamba bila kuendesha yeye ni mzigo tu, wa kulishwa na kugeuzwa. Nikasema mbona watu wengi hawaendeshi na wanaishi. Akasema wengi pia hawaimbi, ila usimwambie hivyo mwimbaji.

Nikamwachia chai, nikatoka. 

Ufunguo wa gari ninao mimi. Niliuchukua siku ileile. Hajawahi kuniomba niurudishe — hilo ndilo linaloniuma. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, nikasingizia vitunguu. Mama akanikumbusha kwamba hakuna kitunguu kilichokatwa.

Jumatano, 8 Aprili

Boksi la stelingi limetoka. Oili iko sakafuni, iko kwa Injinia, iko kwenye taulo jeupe la Mama ambalo hakuna anayejua lilifikaje gereji.

Mama tangu zamani huliita lile gari mke mwenzangu. Leo kasimama mlangoni akasema mke mwenzake anafanyiwa operesheni kubwa, ila yeye akiumwa goti anaambiwa anywe maji ya kutosha.

Reki yenyewe imetoka kwa wauza vyuma chakavu, kwenye kigari kidogo kilichokunjamana mkia. Injinia kaileta imefungwa blanketi, kaishika kama anatoka nayo wodi ya wazazi. Nikamuuliza, itaenea? Akasema kila kitu kinaenea, ukiwa na fundi wa kuchomelea.

Na fundi wa kuchomelea kaja. Domo hilo! Kachomelea mageti ya mji mzima, kachomelea matrekta, angeachiwa angechomelea na ndoa za watu. Naye alifundishwa udereva na Baba. Alipopita chini ya dirisha la chumba cha Baba alizima sigara, akaficha kichungi mfukoni. Mtu mzima mwenye wajukuu.

Ijumaa, 10 Aprili

Kelele. Cheche. Kelele.

Wawili hao wamebishana adhuhuri nzima kuhusu mahali pa kufungia vishikio vya reki. Hakuna aliyejua, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na uhakika. Mwishowe wamechomelea pale ambapo mkono wa fundi ulifika bila kujikunja. Sayansi ndiyo hiyo.

Jumapili, 12 Aprili

Nitaandika hili vizuri, maana nikizeeka nitataka kulisoma.

Asubuhi gari limeshushwa kwenye jeki. Injinia kaingia, kajifunga mkanda, kakaa wima utadhani kameza fimbo. Fundi kasimama kando, mikono kifuani. Mimi na Mama barazani. Wote waliofundishwa na Baba wana mazoea mamoja, hawaondoi gari bila kutamka kwa sauti wanachokiona. Hata mimi. Ukinyamaza, Baba alikuwa anazima injini na kuanza upya. Basi Injinia katamka, kwa heshima zote: "Kulia wazi, kushoto wazi, twende."

Gari likaondoka.

Mbele yake kulikuwa na tangi la maji. Injinia kakata kulia kulikwepa. Gari likaenda kushoto! Akashtuka, akakata kulia zaidi. Likaenda kushoto zaidi. Lilikwaruza tangi, likaingia kwenye kamba ya nguo, likatoka upande wa pili na shuka la Mama limefunika pua yote kama bibi harusi, likazimika kwenye kitalu cha mchicha.

Mama akauliza kwa upole kama ndiyo teknolojia yenyewe.

Kumbe ile reki, kwenye kigari chake cha asili, ilikaa mbele ya ekseli. Hawa wataalamu wameifunga nyuma, vilevile ilivyokuwa, bila kuigeuza. Kwa hiyo kulia imekuwa kushoto na kushoto kulia. Mtoto yeyote angejua, angalau baada ya kuingia kwenye mchicha. Injinia kafuta jasho, akasema — namnukuu, ili ushahidi usipotee: "Ni mazoea tu. Mtu anaweza akazoea."

Hapo tukasikia kicheko. Pazia la Baba lilikuwa wazi! Alikuwa dirishani, kashika fremu kwa mkono wa kulia, anacheka mpaka anakohoa. Akasema amefundisha watu waliokanyaga mafuta wakidhani ni breki, ila hajapata kuona gari lenyewe likichanganyikiwa.

Akashuka. Pole pole, fimbo, ukuta, fimbo. Akaomba kigoda, akakaa mlangoni mwa gereji na kuanza kuwafokea wote wawili.

Sijasikia muziki mtamu kama huo mwaka huu.

Jumanne, 14 Aprili

Reki imegeuzwa chini juu. Vishikio vimekatwa na kuchomelewa upya. Shafti ya usukani imekatwa, imeungwa kwa viungo viwili ili ipinde kupita kando ya injini. Baba ndiye msimamizi. Anaonyesha kwa fimbo, wanatii. Fundi havuti sigara, na ameacha kupiga chuku. Atapasuka.

Baba amekula vizuri. Amenyoa pia! Kanyoa shavu la kulia likang'aa, la kushoto kaliacha na kichaka chake. Nikamtania, mzee huu mtindo wa wapi? Akajipapasa kidevu, akasema mbona amemaliza. Nilicheka. Mama hakucheka. Alichukua wembe akamalizia, kimya kimya, kama mtu aliyezoea.

Nina furaha. Naiandika hapa kabla sijapata la kuibeza.

Alhamisi, 16 Aprili

Usukani unageuka kwa kidole kimoja. Kulia ni kulia. Kushoto ni kushoto. Nimezunguka nalo mtaa wa nyuma mimi mwenyewe, kila kona, nikitafuta kasoro ya kumtambia Injinia.

Sijaipata. Siku ya huzuni sana kwangu.

Nimemwambia hongera. Kadai nirudie, mbele ya Mama. Nikarudia.

Jumamosi, 18 Aprili

Tuko uwanja wa shule ninayofundisha. Hakuna wanafunzi, mlinzi katufungulia. Injinia kapanga ndoo za plastiki safu mbili, kulia na kushoto, katikati njia pana kabisa. Lori lingepita. Mama kaja na chupa ya chai na kiti chake. Amekaa mbali kuliko ilivyohitajika.

Baba kavaa koti lake la kazi, lile la kijivu alilokuwa anafundishia. Nilimpa ufunguo. Hakusema asante. Alinigusa shavuni kama nilipokuwa na miaka kumi.

Kaingia. Kawasha. Kauweka ule mkono wa kushoto pajani, wa kulia juu ya usukani. Kioo kilikuwa wazi, nilimsikia akitamka.

"Kulia wazi. Twende."

Nikadhani ni furaha imemmezea maneno.

Akaenda. Usukani laini, mwendo mzuri, kichwa juu. Baba yangu mwenyewe, yule wa zamani! Injinia alikuwa anaruka kando ya gari. Ndoo za kulia zote zilibaki zimesimama, hata moja haikuguswa. Za kushoto alizikanyaga. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Plastiki ikilia. Hakupunguza mwendo, hakugeuza kichwa.

Alisimama mwisho wa uwanja, akashuka uso unang'aa. "Mmeona? Kama siagi!" Injinia akamwambia, Baba, ndoo. Akauliza ndoo zipi. Akaangalia zile za kulia, zimesimama wima kama askari. Akacheka, akamwambia mwanawe aache masihara.

Injinia kashika kichwa. Halafu uso ukamkunjuka: ahaa! Inavuta kushoto! Ni tairodi tu, kile chuma kinachogeuza gurudumu, upande mmoja umekazwa zaidi, kazi ya robo saa. Baba naye akaafiki upesi, hata siku ya nguzo alihisi inavuta kushoto. Waliafikiana kama wanagawana nyama. Injinia kachukua spana, tayari kujilaza chini ya gari. Ila kwanza, akasema, dada azungushe mara moja athibitishe.

Nimezungusha. Katikati ya uwanja niliachia usukani kabisa, mikono mapajani. Gari likaenda moja kwa moja, kama limepigwa rula. Nikarudia. Moja kwa moja.

Halivuti. Halikuvuta hata siku ya nguzo. Ni Baba. Upande wa kushoto haupo kwake. Hauoni, na hajui kwamba hauoni. Tumemtengenezea usukani mwepesi kabisa, wa kidole kimoja, mtu asiyeiona nusu ya barabara. Kwa mapenzi yetu. Na mimi niliyekuwa na la kusema juu ya kila boliti sikusema la maana hata moja.

Nimemwangalia Mama. Anaokota ndoo zilizopasuka, moja moja, anazipachika pamoja. Hanitazami. Mama anajua. Sijui tangu lini.

Nimeegesha, nimehamia kiti cha abiria, mlango nimeuacha wazi. Daftari hili lilikuwa kwenye mkoba, naandika ili mikono iwe na kazi. Injinia ameshajilaza chini ya gari, miguu tu inaonekana. Baba ameingia tena, amekaa kwenye usukani. Anaupapasa. Anapiga mluzi. Kiwiko chake karibu kinanigusa.

Anamuuliza Injinia kwa sauti, dada yako kaenda wapi? Mwite aje atuambie, tuondoke.

Injinia anaita kutoka huko chini: "Dada! Inavuta au haivuti?"

Baba ametoa kichwa dirishani upande wake, ananitafuta uwanjani. Anaita jina langu. Niko hapa, Baba. Kiti cha kushoto. Sijajibu bado.