Mawese ya Moto Kisiginoni

Ijumaa, Bihambwe

Nyanya anakoroma kama mtu aliyefanya kazi njema leo.

Kisigino changu kilikuwa na magaga tu. Jioni alichemsha mawese, akayadondosha ndani ya nyufa. Nikapiga kelele.

"Nyamaza, mutoto! Dawa yenye kuuma njo inaponyesha. Mama yako alilia hivi hivi."

Sasa pametoka lengelenge kubwa, na Jumatatu ni mtihani wa Serikali, kwenye kituo kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu. Naogopa.

Ningemkasirikia yeye, lakini... Mwalimu alitufundisha kwamba mafuta ya moto huunguza. Niliandika hivyo, nikapata kumi juu ya kumi. Halafu nikamnyooshea Nyanya mguu, nikafumba macho.

Nitaondoka Jumapili, mara tu misa ikiisha. Kwa kuchechemea, labda nitafika kabla ya giza.