Munyu Aliouomba Kukhu

Mjukuu wangu Nekesa, salamu kutoka Misikhu. Bungoma yote hakuna anayenishinda kemia, kwa hivyo swali lako la mmumunyo umeliuliza mahali pazuri kutoka huko Kitale. Hapa mahindi yamekauka. Kukhu, mama yangu, amekataa chakula.

Jumapili aliomba kunde zenye munyu wa majivu, chumvi yetu ya kienyeji, ule alionifundisha kutengeneza nikiwa kijana. Nikachoma maganda ya maharagwe, nikamwagia majivu yake maji, nikachuja. Chumvi iliyeyuka majini isionekane. Huo ndio mmumunyo. Vumbi la majivu lililopenya chujio halikuyeyuka, likatuama chini. Hilo si mmumunyo. Maji yalikuwa mengi, kwa hivyo mmumunyo ulikuwa hafifu. Nikauchemsha ukakolea. Ulipopoa, chumvi ikaganda ndani ya sufuria, chini kabisa, maana maji yalikuwa yameshiba, hayawezi kubeba zaidi. Mimi nikaumwaga wote kwenye kunde.

Kukhu akaonja. "Wewe bana, hata munyu wako unajigamba," akasema, akasukuma sahani.

"Mama, si ule kijiko kimoja tu?"

"Nimechoka, mwanangu."

Tangu hapo hajala, na sioni kama atakula. Majirani nimewaambia alimaliza akaomba nyingine. Ukweli ni kwamba kunde zile nilizila mimi, nimejificha nyuma ya jikoni, na chumvi ilizidi, karibu zinishinde.

Babu yako mdogo.