Msichana Anayeniosha

Kitengela, Jumapili

Baba Nailantei,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa nakuambia tu kwamba tuko salama. Mvua imenyesha kidogo, na Nailantei ameng'oka jino la mbele. Huko Magadi najua joto halijapungua.

Mama yako bado hanijui. Kila asubuhi ananiuliza mimi ni msichana wa nani. Miaka kumi alikataa kula chakula changu kwa vile mimi ni Mkikuyu, na sasa namlisha kwa kijiko.

Jumanne alinimwagia uji, akanipiga kofi. Nilimfokea, Lemayian. Nikachukua mkoba nikatoka hadi kwenye geti, nia yangu ikiwa kurudi kwetu. Nilijaribu kuomba nikakosa maneno. Niko na wiki nyingi siombi, kanisani nainamisha kichwa tu.

Niliporudi kuchukua sweta, nilimkuta ameketi kitandani akiomba kwa Kimaa, lugha yenu ambayo sasa naielewa.

"Ee Mungu, yule msichana anayeniosha amechoka. Mimi simjui, lakini wewe unamjua. Mpe nguvu, umrudishe."

Nilikaa chini kando ya kitanda. Nikasema amina, kwa sababu hilo neno moja nililiweza. Kisha nikampikia uji mwingine.

Lakini uchovu haujaniisha. Omba ruhusa kazini uje mwisho wa mwezi, hata kama ni siku mbili, umwoshe wewe, nami nilale.

Mungu akulinde huko kwenye jua.

Ni mimi mkeo,
Nyakio