Mwili Wangu na Mizani ya Tumbaku

Jumatatu, 3 Juni 1996

Nimetoka hospitali. Presha iko juu. Daktari kasema nikiendelea na mwili huu moyo utachoka, siku moja nitaanguka mbele ya wanafunzi. Nipunguze. Punguza, punguza — kama vile nimepeleka gauni kwa fundi! Nimeitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari.

Sikumwambia habari za marehemu mume wangu. Ndaki tulimzika mwaka jana, jeneza lilibebwa kama halina mtu. Tulisema kifua. Watu wakaitikia, kifua, pole sana mwalimu, kisha wote wakageuka kuniangalia mimi. Mpaka leo wananiangalia. Sokoni, kanisani, ofisi ya walimu. Wanaangalia mashavu, wanaangalia mikono, wanaona bado nimejaa, wanatulia. Mwili huu unanisemea. Sasa nipunguze?

Kupima damu sijapima. Siwezi. Sitaki hata kuandika habari hiyo hapa.

Jumatano, 5 Juni

Leo nimemweleza Minza. Ni dada yake Ndaki, tunaishi naye hapa mtaa wa Shanwe tangu msiba. Alikuwa anachambua mchele, akaacha.

"Wifi, thubutu! Ukonde wewe? Nyie mnataka tuhame mji huu?"

Nikasema daktari kaagiza. Akasema daktari haishi Shanwe. Kwao Usukumani mwanamke akinenepa wanasifu ukoo mzima kwamba wanatunza. Halafu akanipakulia ugali wa mtu anayetoka kulima. Nimeumaliza. Hasira zote zimeishia kwenye ugali.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda mtaa wa Makanyagio kwa Mama Candide. Mumewe ni wa reli, wamehamishiwa hapa kutoka Dar, na yeye kaja na mambo yake ya kupunguza unene. Anaita programu. Ni ya kulipia. Asubuhi chai ya majani fulani chungu, usiku hakuna ugali, mazoezi nyuma ya nyumba, kaseti inaimba. Wake za mabwana wa ofisini wanaruka ruka pale kwa khanga! Nimecheka mpaka nikasahau kilichonipeleka.

Jumamosi wote wanapimwa. Mizani ya bafuni hana, basi anawapeleka kwenye ghala la mnunuzi mmoja wa tumbaku hapo jirani. Unapanda panapowekwa robota za tumbaku. Wakulima wamejaa foleni, wanatazama akina mama wanavyopimwa uzito kama mazao. Aibu!

Mama Candide anasema nitang'aa, nitarudi usichana. Mimi sitaki usichana. Nataka moyo usisimame, mwanangu Upendo asibaki bila mama wala baba. Nikamwambia nitafikiri.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya misa jirani yangu Christina kanishika mkono, kauminyaminya. "Mwalimu, umenawiri! Mungu mkubwa." Nimefurahi. Presha inaniua na mimi nafurahia sifa. Mjinga mimi.

Jumanne, 11 Juni

Nilikuwa naandika ubaoni nikaona herufi zinakimbia. Nimejikuta nimekaa chini, chaki mkononi. Mwalimu mkuu, Venant, kaniruhusu nirudi nyumbani. Mwema yule, lakini alivyosema "pole, jitahidi kula" nikajua keshaanza kuhesabu dalili. Kula! Nikipungua naambiwa kula, nikila naambiwa punguza.

Nimelala mchana kutwa. Moyo unapiga hata masikioni.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewaza jambo. Nikikonda kimyakimya, watasema. Lakini nikikonda kwa kulipia, mbele ya watu, na kaseti inaimba? Basi kukonda kwangu kutakuwa na sababu. Mtu akiuliza namwambia, niko kwenye programu, nalipa! Hata presha ingeshuka humohumo. Nimeona kama mlango umefunguka.

Nikamwambia Minza. Kaguna.

"Wifi, nani anatoa hela yake ili akonde? Watasema unajificha. Na hiyo Makanyagio kila Jumamosi — watasema umekanyaga miwaya!"

Miwaya ndio ugonjwa wenyewe, ndivyo wanavyouita vijana. Kacheka mwenyewe maneno yake, kisha kaacha ghafla, kanawa uso kwa maji ya kwenye kata. Ndaki alikuwa kaka yake.

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kupimwa. Kupimwa tu, nilijiambia, nione mwanzo wangu uko wapi, kisha niamue.

Nikavua viatu, nikapanda. Mtu wa mizani kasogeza chuma, kasogeza tena. Nikaangalia. Nikamwambia arudie. Karudia. Ni pungufu. Pungufu sana kuliko uzito walionipima hospitali, na hiyo ni juzi juzi tu! Na mimi nimekula kila alichopakua Minza.

Mama Candide kapiga makofi. "Mwalimu, kumbe umeshaanza mwenyewe kimyakimya!"

Mkulima mmoja kwenye foleni kasema, mama usifurahi, mizani hiyo inaiba, sisi kila mwaka inatuibia. Watu wakacheka. Mtu wa mizani kakasirika, kasema mizani yake haijamwibia mtu. Wakaanza kubishana, na mimi niko juu bado, miguu mitupu, nasikiliza kama kesi inayonihusu. Mungu wangu, iwe inaiba! Sijawahi kuombea wizi maishani.

Ningeweza kurudi hospitali, mizani ya kule ni ya kweli. Lakini kule wakiona pungufu wataniuliza la pili, la damu. Sikwenda.

Nimemlipa Mama Candide palepale. Nikamvuta pembeni, nikamwomba akiulizwa aseme nimeanza zamani, tangu mwezi uliopita. Kaniangalia. Kicheko chote kikamtoka usoni. "Sawa, dada," kasema polepole, akanishika bega, akaliachia upesi.

Njia nzima nimetangaza. Kwa muuza mafuta ya taa, kwa Christina, kwa mke wa Venant aliyekuwa anaanika mihogo: nimeingia programu! Nalipa! Wote wakasema hongera. Wote wameangalia mikono yangu.

Nyumbani nimemwambia Minza afunge dirisha la upande wa barabara, asonge ugali mkubwa. Kafunga, kasonga. Nimekula. Nimeongeza. Umegoma kooni, nimesukuma kwa maji.

Upendo kasimama mlangoni. "Mama, si umesema umeanza programu? Si usiku huruhusiwi ugali?"

Nimemwambia afunge na mlango, kisha anisogezee mboga.