Nafasi Tupu Chini ya Jina la Wendell Tharp

Wendell, mwaka umezunguka tangu ututoke. Ulikwenda na grisi kwenye kucha, na waliokuandaa kwa mazishi walipotaka kuitoa, mkeo Nadine aliwakataza. "Mwacheni hivyo," alisema. "Hata siku ya harusi alikuja nayo."

Hapa Oildale pampu za mafuta bado zinainamisha vichwa mchana na usiku. Kiti chako mezani hakuna anayekikalia. Ulikuwa mtu wa watu. Gari la jirani likizimika njiani, uliacha maharagwe na mkate wa mahindi vipoe, ukachukua kamba ukaenda. Ukirudi ulisema, "Ilikuwa waya tu," hata kama ulishinda chini yake kutwa nzima.

Na gari lako je? Lile Ford la mwaka thelathini na mbili ulilikata paa, ukalishusha mpaka likawa kama linanusa ardhi, ukalivua boneti ili injini ionekane. Miaka mingi ulikuwa ukisema, "Limebaki kidogo tu." Wenzako wa klabu ya magari waliijua "kidogo" ya mwenye gari. Mtu akisema gari lake lina mifupa mizuri, ujue halina sakafu. Akisema linahitaji kupendwa, ujue aliliokota mtoni.

Mwenzako Cleve alikuwa akipita uani anapaza sauti: "Wendell! Yule kuku wako ameshapata leseni?" Maana kuku alikuwa ametagia kwenye kiti cha dereva.

"Langu angalau lina abiria," ulimjibu. "Lako hata mkeo hapandi!"

Utani ulikuwepo, jina la gari halikuwepo. Jina halitolewi na mwenye gari. Hulitoa klabu, siku gari linapotoka uani kwa nguvu zake lenyewe, na hutokana na aibu ya siku hiyo. La Cleve ni Mama Mkwe, kwa kuwa lilipigia kelele mtaa mzima na halikukubali kurudi nyuma. La marehemu Lloyd ni Samahani, kwa ajili ya uzio wa mchungaji lilioubomoa. Lloyd kabla ya hapo aliwahi kuliteremsha kilimani injini ikiwa kimya, na wenzake wakataka kulipa jina siku hiyohiyo. Wewe ndiwe uliyekataa. "Kuteremka si kwenda," ulisema. "Hata pipa huteremka." Akarudi kufunga na kufungua vyuma miaka mingine miwili.

Jina hilo huchongwa kaburini, chini ya jina la mwenyewe. La Lloyd lipo. Kwako tuliacha nafasi.

Nadine alitaka kitu kimoja tu: nafasi ile ijae kabla ya mwaka kutimia. Mwezi uliopita akaiita klabu, akavaa jaketi lako, akasimama mlangoni pa banda la gari. Cleve akajaribu kuizungusha injini kwa mkono. Haikutikisika. Akamulika tochi kwenye matundu yaliyo juu ya injini.

"Plagi za kuwashia ziko wapi, shemeji?"

"Dirishani jikoni. Alizitoa asubuhi ile aliyotutoka, azisafishe. Sijamruhusu mtu aziguse."

Zilikuwepo zote nane, kwenye bati la kuokea keki, vilevile ulivyozipanga. Kila Jumamosi Nadine alizipangusa vumbi. Na kila mvua iliponyesha, maji ya paa bovu la banda yalidondokea kwenye matundu uliyoyaacha wazi. Sote tulipita mbele ya dirisha lile, tukaziona, tukafuta machozi. Hakuna aliyekumbuka zilikotoka.

"Ni kutu tu, shemeji," Cleve alisema.

"Usinidanganye, Cleve. Kama ningezirudisha?"

Cleve akavua kofia. "Ingenguruma."

Baadaye akasema ataleta injini nyingine, ya kwake mwenyewe, bure. Nadine akamuuliza, "Na hiyo itakayonguruma itakuwa imefungwa na mkono wa nani?"  Ndipo binti yako Darla alipolia: "Basi tulisukume mteremkoni, Mama! Nani atajua?"

Nadine alikishika kishikio cha mlango wa gari lako. "Kuteremka si kwenda, mwanangu," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo plagi zina vumbi. Mchongaji ameuliza kama alipige jiwe msasa ile nafasi isionekane. Ameambiwa aiache. Hatuna cha kuandika pale, Wendell, wala hatutapata.

Unakumbukwa na mkeo Nadine, anayelala upande wake tu wa kitanda. Binti yako Darla na mumewe Royce. Kaka yako Orval, mtu wa kuhamahama, ambaye safari hii hajaondoka. Na Cleve pamoja na klabu nzima, waliopita na magari kaburini wakazima injini.

Tutakukumbuka siku zote, hata kwa hicho kimoja tulichoshindwa kukupa.